Ukipenda Chongo Huita Kengeza: Itikadi na Macho Tunayoutazamia Uchumi

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2022 kahawa ilipoa vikombeni pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu. Bei mpya za mafuta zilikuwa zimetangazwa, na petroli, kwa bei ya Nairobi, imeruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Rais William Ruto alikuwa ameapishwa jana yake tu. Ruzuku ya petroli imeondolewa.

"Afadhali," alisema nahodha mmoja wa boti za abiria za Mokowe. "Ile ruzuku ilikuwa wizi mtupu. Pesa zetu wenyewe, zatolewa mfuko huu zatiwa mfuko huu."

Maalim, mstaafu aliyesomesha hesabu nusu ya watu waliokuwa barazani, akamtazama kwa mshangao. "Nahodha, hapa hakuna anunuaye petroli kukushinda wewe. Sasa wafurahia nini?"

Nahodha hakuwa na jibu, na baraza zima lilijua kwa nini: Rais mpya alikuwa wake. Agosti 2023, serikali ile ile iliporudisha ruzuku ili bei isipande zaidi, nahodha yule yule alituambia kwamba hii ni serikali yenye huruma.

Ila msimcheke mapema. Mnamo Septemba 2018, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 8 ilipowekwa kwenye mafuta, kiongozi aliyependwa na Maalim, Raila Odinga, alikuwa amekwisha kupatana na Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, kwa kupeana mkono, na Maalim alituhutubia kuwa nchi haijengwi kwa maneno. Kodi hiyo ilipofikishwa asilimia 16, Julai 2023, kiongozi wake akiwa upinzani, ikageuka dhuluma. Maalim alikuwa na hesabu zake mara zote mbili, na hesabu zenyewe hazikuwa na kosa.

Watu husema, "Ah, siasa tu." Jibu hilo ni la kumaliza mazungumzo, halielezi kitu. Ukiifumua itikadi ya mtu kuhusu uchumi utakuta ni kamba ya nyuzi tatu. Upo uzi wa mizani, yaani anachokiona haki na nani anayestahili kutangulizwa. Upo uzi wa imani yake kuhusu mambo yanavyokwenda: ukivuta hapa, kule kutatikisika nini. Na upo uzi wa kambi: nani wangu, nani si wangu. Zikisokotwa pamoja huonekana kamba moja, na mwenyewe akiulizwa ataapa kwamba ni uzi wa kwanza peke yake.

Tuanze na mizani, kwa sababu hapo watu wa pwani tuna urithi ambao mara nyingi tunasahau kuutumia. Iko hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik, kwamba bei zilipanda Madina na watu wakamwendea Mtume wakimtaka awawekee bei. Alikataa. Alisema Mwenyezi Mungu ndiye apangaye bei, naye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Msomee mtetezi wa soko huria hadithi hiyo naye ataipokea kwa mikono miwili. Lakini dini ile ile imekataza kuficha bidhaa ili zipande bei, na Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, aliandika kwamba wauzaji wakikataa kuuza ila kwa bei ya kupindukia, ilhali watu wana haja na bidhaa hiyo, mtawala anaweza kuwalazimisha wauze kwa thamani inayojulikana. Kwake yeye bei ikipanda kwa sababu bidhaa imeadimika, kumlazimisha muuzaji ni dhuluma. Ikipanda kwa sababu ya njama, kutomlazimisha ndiko dhuluma.

Hapo upo mjadala mzima wa mrengo wa kulia na wa kushoto, karne nyingi kabla ya wajumbe wa Ufaransa mwaka 1789 kukaa wengine kuumeni kwa mwenyekiti na wengine kushotoni, hata majina hayo yakatungwa. Wa kulia, kwa jumla, huogopa zaidi mkono wa serikali: itakosea, itaiba, itamvunja moyo mwenye bidii. Wa kushoto huogopa zaidi mkono wa tajiri: atahodhi, atakandamiza, atamwacha mnyonge afe nje ya hospitali. Mwanauchumi Friedrich Hayek alihofia mpangaji mmoja anayejidai kujua anachotaka kila mtu. Mwanauchumi mwenzake John Maynard Keynes, aliyeona watu wakikosa kazi kwa mamilioni katika miaka ya 1930, alihofia serikali inayokaa ikingoja soko lijitibu. Kila mmoja alikuwa na woga wa kweli. Ukitaka kujua itikadi ya mtu, usimuulize anapenda nini, muulize anaogopa nini zaidi.

Mizani hutofautiana hata baina ya nchi tajiri. Wanauchumi Alberto Alesina, Edward Glaeser na Bruce Sacerdote walilinganisha tafiti za maoni wakakuta kiasi cha asilimia 60 ya Wamarekani walisema maskini ni wavivu. Katika Ulaya ni asilimia 26 tu. Mwenye kuamini umaskini ni uvivu ataiona ruzuku kuwa zawadi kwa aliyelala. Mwenye kuamini umaskini ni mtego ataiona kuwa kamba ya kumtoa mtu shimoni. Shilingi ni hiyo hiyo moja.

Kenya nayo ilikuwa na mjadala wa mizani, na matokeo yake yako mbele yetu hapa kisiwani. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika, kazi iliyosimamiwa sana na waziri Tom Mboya. Jina lilikuwa la ujamaa. Yaliyomo yalikuwa mengine. Waraka ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye maliasili tele, ardhi nzuri na mvua, usafiri na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Ukatoa na mfano. Pauni milioni moja ikiwekwa sehemu moja huenda ikaongeza pato kwa pauni 20,000, na ikiwekwa sehemu nyingine ikaongeza 100,000. Basi ni busara kuiweka sehemu hiyo ya pili, nchi ipate pauni 80,000 zaidi kila mwaka, halafu sehemu ya kwanza isaidiwe kwa ruzuku au mikopo nafuu.

Isome hesabu hiyo tena. Haina kosa. Maalim amenithibitishia zaidi ya mara moja, na kila mara hukasirika anapomaliza, kwa sababu ile sehemu ya kwanza ndiyo sisi. Tulikuwa hatuna barabara, kwa hiyo hatukustahili barabara. Ahadi ya kwamba faida itarudi kusaidia waliobaki nyuma iliandikwa vizuri, ila haikuwekewa tarehe, na deni lisilo na tarehe ya kulipwa kila mdai anajua cha kutarajia. Msomi mmoja kijana wa wakati ule, Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliukosoa waraka huo mwaka huo huo kwa kutogusa ipasavyo suala la nani anaumiliki uchumi. Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais aliyeegemea kushoto, alitoka serikalini mwaka 1966. Jirani zetu Tanzania, kwa Azimio la Arusha la 1967, walichagua mizani nyingine wakataifisha mabenki, wakapata matatizo ya aina nyingine, ambayo ndugu zetu wa Tanga na Unguja wanaweza kuyasimulia wenyewe.

Hapo ndipo uzi wa mizani unapoonekana peke yake, bila kuchanganyika. Hakuna takwimu itakayokuambia kama pauni 80,000 za nchi nzima zinatosha kulipia miaka hamsini ya Lamu bila lami. Hilo ni swali la nani anahesabiwa. Katiba ya 2010 ililijibu tofauti: kaunti 47, zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na juu yake Hazina ya Usawazishaji ya nusu asilimia kwa sehemu zilizosahauliwa. Lamu iliwekwa katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizohesabiwa kuwa zimetengwa. Waliosimama kidete kwa ajili ya ugatuzi na waliouogopa walikuwa na takwimu zile zile mezani.

Uzi wa pili ni tofauti, nao ndio unaoweza kupimwa. Nikupe mfano ulionichoma mwenyewe. Agosti 2016 sheria ilitiwa saini ya kuweka kikomo cha riba za benki: zisizidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia nne. Nilishangilia. Nilikuwa na duka dogo, na deni ambalo riba yake ilikuwa ikinila nyama, na katika akili yangu jambo lilikuwa wazi kama mbalamwezi: benki zinanyonya, zimefungwa mdomo, mnyonge amepona. Mwaka uliofuata nilikwenda kwa benki ile ile kutaka kuongeza mtaji. Nilikaribishwa kiti, nikapewa maji ya kunywa, nikanyimwa mkopo. Mkopeshaji asiyeruhusiwa kumtoza mtu wa hatari riba ya hatari ana njia nyepesi ya kufanya: hamkopeshi. Huikopesha serikali, ambayo hulipa bila ya kufuatwa mlangoni. Mikopo kwa watu binafsi na biashara ndogo ilidorora, na Novemba 2019 kikomo kikaondolewa.

Ningeweza kuiacha hadithi hapo, na mpenzi wa soko huria angeondoka na ushindi wake. Lakini kasi ya mikopo ilikuwa imeanza kupungua kabla ya sheria ile kutiwa saini. Sehemu ya kosa ni ya sheria, sehemu si yake. Mimi nilikosea kwa sababu nilichanganya mizani na utaratibu. Kusema riba ile ilikuwa dhuluma ni hukumu ya haki, na bado naishikilia. Kusema kikomo kingemfikia mnyonge ni dai kuhusu dunia inavyokwenda, na dunia ilinijibu.

Na kuna wenzangu wa baraza ambao mjadala wote huo haukuwahusu. Kwao riba ni riba, nayo ni haramu, iwe asilimia 14 au 4. Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilipozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, Nairobi walibishana kama kiwango ni kidogo cha kutosha. Huku baadhi ya watu waliuliza swali moja tu, wakalijibu, wakaendelea kunywa kahawa. Itikadi haikupi majibu peke yake. Hukuchagulia maswali.

Ruzuku ya mafuta nayo ipimwe hivyo hivyo. Katika hotuba yake ya kuapishwa Rais alisema ilikuwa imekwisha kugharimu shilingi bilioni 144. Ruzuku ya kila lita humfaidi zaidi anayetumia lita nyingi, kwa hiyo mwenye magari matatu Nairobi hupata zaidi ya mama anayeuza mahamri Langoni. Hilo ni kweli. Lakini kisiwani unga, saruji na gesi huvuka maji kwa mashine, na mama wa mahamri huilipa petroli bila ya kuigusa. Hilo pia ni kweli. Mwanauchumi wa kulia atataja la kwanza, wa kushoto la pili, na wote wawili hawajasema uongo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Sasa tuje kwa uzi wa tatu, ambao ndio uliowapindua nahodha na Maalim. Mwanasaikolojia wa Marekani, Geoffrey Cohen, alichapisha mwaka 2003 majaribio ambayo kila nikiyafikiria huona aibu kidogo. Aliwapa wanafunzi sera ya serikali ya kusaidia familia maskini waitolee rai. Kulikuwa na sera ya ukarimu sana na sera ya ubahili sana. Bila kuambiwa ni ya chama gani, walifuata itikadi zao: waliberali, yaani wa kushoto, walipenda ya ukarimu, na wahafidhina, wa kulia, ya ubahili. Walipoambiwa chama chao kinaiunga mkono, mambo yakageuka. Mliberali aliipenda sera ya ubahili, mhafidhina akaipenda ya ukarimu. Yaliyoandikwa ndani ya sera yalikuwa kama hayapo. Na walipoulizwa kilichowaongoza, walisema wameichambua sera yenyewe. Kwamba wengine ndio huenda wakafuata chama.

Kambi haibadili maoni tu, hufika hadi kwenye macho. Chini ya Rais Ronald Reagan mfumuko wa bei Marekani ulishuka kutoka asilimia 13.5 mwaka 1980 hadi kiasi cha 4 mwaka 1988. Lakini mwaka 1988 watu walipoulizwa, zaidi ya nusu ya wafuasi sugu wa chama cha Democratic walisema umezidi kuwa mbaya chini ya utawala wake. Mchambuzi Larry Bartels ndiye aliyeyaweka hayo wazi. Wale wa Republican hawana la kujivunia: baada ya uchaguzi wa Novemba 2016 imani yao kuhusu hali ya uchumi ilipaa mara moja, na ya wenzao ikashuka, hata kabla Rais mpya hajaingia ofisini. Mwaka 2020 wakabadilishana viti. Uchumi wenyewe haukuwa umepinduka usiku mmoja.

Ungedhani dawa ni elimu. Dan Kahan na wenzake waliwapa watu jedwali la takwimu walitafsiri. Lilipohusu dawa ya kupaka ngozi, wenye uwezo wa hesabu walipata jibu sahihi zaidi kuliko wengine. Tarakimu zile zile zilipoitwa takwimu za sheria ya bunduki, hao wajuzi wa hesabu ndio waliotengana zaidi kwa vyama. Akili kali ni kisu, na kisu humtumikia aliyekishika. Nilimsimulia Maalim hayo. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nina udhuru." Sijui kama alikuwa akitania.

Kwa Kenya uzi huu ni mnene kuliko nyingine zote, kwa sababu vyama vyetu havikai mahali. Mrengo wa kulia wa Uingereza unaweza kuufuata tangu Margaret Thatcher alipoingia madarakani 1979 hadi leo ukaona njia moja, ijapo ina kona. Kwetu, Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais kwa karibu miaka kumi, aligombea 2022 akiipinga serikali aliyokuwamo, na Raila, mpinzani wa miaka mingi, akagombea kwa baraka za Ikulu. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kutoza mkate kodi ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25. Juni 25 bunge likavamiwa na watu wakauawa, na siku ya pili Rais akakataa kuutia saini. Upinzani bungeni ulikuwa umeupinga. Hata miezi miwili haikupita, John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama kikuu cha upinzani huo, alikuwa Waziri wa Fedha. Mfuasi anayejaribu kushika msimamo wa uchumi kwa kumfuata kiongozi wake atahitaji shingo ya bundi.

Huenda ukasema: hapana, si kambi wala mizani, ni tumbo. Kila mtu hutetea mfuko wake. Ni fikira ya watu wengi, na ni dhaifu kuliko inavyoonekana. David Sears na Carolyn Funk, walipoukusanya utafiti wa miaka, walikuta masilahi binafsi hayaelezi sana maoni ya watu kuhusu sera. Nahodha wetu, mnunuzi mkubwa wa petroli, alishangilia petroli kupanda. Masilahi hujitokeza pale yanapokuwa makubwa, ya wazi na yanayoshikika kwa mkono. Na Lamu tuna mfano wa hilo: bandari.

Mradi wa LAPSSET, wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa hapa tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kwa miaka ile yote kambi za Mkunguni zilikuwa zile zile kwa kila jambo jingine, ila kwa bandari zilivunjika. Wavuvi ambao mashine za kuchimba kina zilitibua maji yao walikuwa upande mmoja, uwe umempigia nani kura. Walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi, na Aprili 2018 mahakama ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Nahodha wangu, anayesema kila siku kwamba serikali iwaache watu wajitafutie, alikuwa na jamaa zake katika kesi hiyo, na hakuona ubaya wowote serikali ikilipa. Upande mwingine walisimama vijana wasiovua, waliotaka ajira. Huwezi kuwapanga hao kulia na kushoto. Walikuwa wakibishana kama bahari ni mali ya taifa zima au ni shamba la waliolilima vizazi na vizazi, swali ambalo vitabu vya uchumi vya Ulaya havikuliandikia sura.

Mwezi uliopita, tarehe 14 kama kawaida, tulikuwa tukingoja bei mpya. Maalim akatoa simu yake, akavaa miwani, akasema anatusomea sera moja. Wavuvi wapewe boti za bahari kuu kwa mkopo wa serikali, wakatwe kidogo kidogo kila wanapouza samaki, na atakayeshindwa kulipa boti ipewe kikundi kingine.

"Ni ya nani hiyo?" aliuliza nahodha.

"Jibu kwanza. Nzuri au mbaya?"

Nahodha alizungusha kikombe kiganjani. Muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake alisimama kusikiliza.

"Maalim," alisema mwishowe, "nitajuaje kama ni nzuri, na hujaniambia ni ya nani?"

Baraza likaangua kicheko. Maalim naye alicheka, kisha nikamwona akiitazama simu yake tena, akivuta ukurasa juu, akitafuta jina lililoandikwa chini ya sera.